Marekani walijengaje madaraja, mabwawa na mashule miaka ya 1930 wakati nchi haina hela?

Kokoto_Nane

Wakuu habari za muda huu. Naombeni wajuzi wa historia na watu wa ujenzi mnisaidie maana kila nikisoma nazidi kuchanganyikiwa. Ule Mdororo Mkuu ulioanza soko la hisa lilipoanguka 1929, tunaambiwa kufika 1933 karibu robo ya wafanyakazi wa Marekani hawana kazi, mabenki yanafunga milango, wakulima wananyang'anywa mashamba, yani nchi imekwama mazima. Sasa muda huohuo ndo ukisoma vibao kwenye majengo yao unakuta 1935, 1936, 1938. Daraja la Triborough pale New York 1936, bwawa la Hoover 1935, uwanja wa ndege wa LaGuardia 1939, na mashule na maofisi ya serikali yasiyohesabika. Nchi iliyofulia inapata wapi hela ya vyote hivyo, tena vingine vimejengwa kwa mawe ya kuchonga na magogo ambayo leo hata tajiri akipewa makadirio anakuna kichwa?

Alafu naona vifupisho kibao, PWA, WPA, CWA, CCC, TVA, hivi ni kitu kimoja walikuwa wanakibadilisha jina au ni vitu tofauti? Na la mwisho, kuna jamaa kanihakikishia kabisa kwamba ndani ya zege la Hoover kuna miili ya vibarua walioangukia humo wakaachwa. Kweli au stori za kijiweni? Nawasilisha.

Mchana_Kweupe

Umesahau Golden Gate mkuu, lile daraja la San Francisco, hilo nalo ni la rais Roosevelt, 1937. Jamaa walikuwa vichwa. Ngoja wenye nondo waje, mi nimekaa hapa na chai.

Sululu

Kokoto nianze na hela maana ndo swali lako la msingi. Hela haikuyeyuka, ilikwama. Viwanda vya saruji vilikuwepo vimezimwa, mafundi walikuwepo wamekaa nyumbani, machimbo ya mawe yalikuwepo hayana mteja. Walioishiwa walikuwa watu na majimbo na miji, ila serikali ya shirikisho ilikuwa bado inakopesheka tena kwa riba ndogo tu, kwa hiyo ikakopa. Deni la taifa lilikuwa kama dola bilioni 22 mwaka 1933, kufika 1939 likawa kama bilioni 40. Hakuna uchawi hapo, ni mkopo, na wapinzani wa Roosevelt walimpigia kelele kwa hilo kila siku ya Mungu.

Vifupisho sasa. Sio kitu kimoja, na ukishajua nani alilipa ndo unaelewa kwa nini jengo limekaa vile lilivyokaa, hili watu wengi wanalipita tu.

PWA, yani shirika la kazi za umma, ilianza 1933 chini ya Harold Ickes, waziri wa Mambo ya Ndani, ambayo kule ni wizara ya ardhi na maliasili sio ya polisi. Ickes alikuwa mtu wa kukagua karatasi moja moja, anaogopa wizi kuliko anavyoogopa kuchelewa. PWA yenyewe haikuajiri kibarua, ilitoa ruzuku na mikopo kwa miji na majimbo, tenda inatangazwa, mkandarasi anashinda, anajenga kama mradi mwingine wowote. Kwa hiyo vitu vya PWA ni vikubwa na vya kihandisi haswa, chuma na zege la maana, mfano handaki la Lincoln chini ya mto Hudson, hilo Triborough ulilotaja, bwawa la Grand Coulee, na yale madaraja matano ya pwani ya Oregon aliyosanifu Conde McCullough, kama hujawahi kuona picha ya lile la Yaquina Bay fanya hivyo leo. Ilifika karibu kila kaunti ya Marekani, inasemekana zilikosa tatu tu kati ya elfu tatu na kitu.

Shida ya njia ya Ickes ni mbili. Ya kwanza ni polepole. Ya pili mkandarasi akishinda tenda anaajiri mtu ambaye tayari ni fundi, mwenye njaa ambaye hajui hata kushika koleo hafikiwi. Na majira ya baridi ya 1933 yalikuwa yanakuja. Hapo ndo anaingia Harry Hopkins, mtu wa Roosevelt wa mambo ya misaada, na CWA, mpango wa ajira za dharura, Novemba 1933, na ndani ya kama miezi miwili akawa ana watu milioni nne kwenye orodha ya mishahara. Milioni nne! Wakitengeneza barabara, wakipaka rangi mashule, wakichimba mitaro. Masika yalipofika 1934 Roosevelt akaifunga, gharama zilimtisha.

Mwaka 1935 Hopkins akapewa tena mpango, mkubwa zaidi na wa kudumu zaidi, ndo WPA, na hii ndo iliyoacha alama kwenye vimji vidogo. Iliendelea mpaka 1943, watu kama milioni 8.5 walipita humo, gharama karibu dola bilioni 11. Lengo namba moja la WPA halikuwa jengo, lilikuwa mshahara. Ilitakiwa kuchukua watu walioko kwenye orodha ya misaada, kwa kawaida mmoja kwa kila familia, na hela ya serikali kuu kwa sehemu kubwa iende kwenye malipo ya watu. Vifaa vingi alitakiwa achangie mwombaji wa mradi yani mji au kaunti au bodi ya shule.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya bodi ya shule ya kijijini Oklahoma 1936. Ukinunua matofali na chuma hela inaenda kiwanda cha mbali na wewe mwenyewe huna kitu. Ila nyuma ya mji kuna kilima cha mawe mchanga ambacho mwenyewe hana habari nacho, na una wanaume sitini ambao serikali iko tayari kuwalipa. Unafanyaje? Unawapa nyundo na patasi wakachonge. Kadiri kazi inavyokula mikono mingi ndo inavyopita kirahisi kwenye maombi. Ndo maana Oklahoma imejaa mashule na maghala ya silaha ya jeshi la akiba ya mawe ya palepale, kuta nene kama ngome. Kwa hiyo yale mawe ya kuchonga yanayokushangaza hayakuwa anasa, yalikuwa ndo njia rahisi kwa wakati ule. Leo fundi wa mawe ni ghali na tofali ni bei ya kutupa, kipindi kile ilikuwa kinyume.

Kokoto_Nane

Dah Sululu hapo kwenye mwombaji kuchangia vifaa ndo pamenifungua. Kwa hiyo hata hoteli zile za milimani ni hivohivo?

Sululu

Ipo moja inaonyesha hili kuliko zote, Timberline Lodge kwenye mlima Hood, Oregon. WPA walianza 1936, Roosevelt akaja kuizindua Septemba 1937, wageni wakaanza kulala Februari 1938. Ukiingia ukumbi mkubwa kuna chimni ya mawe katikati kama mnara na nguzo za misonobari zilizochongwa pembe sita kwa tezo, alama za tezo bado zinaonekana ukipitisha mkono. Sasa angalia ngazi. Kila nguzo ya mwanzo wa ngazi kichwani ina mnyama kachongwa, dubu, bundi, na wengine, na gogo lenyewe lilikuwa nguzo ya zamani ya nyaya, mierezi iliyong'olewa barabarani wakaipata kwa bei ya chee. Vyuma vya kushikia kuni kwenye meko ni vipande vya reli ya treni vilivyokunjwa na wahunzi. Wavu wa mbele ya moto umeungwa kwa minyororo ya matairi, ile ya kuendeshea kwenye theluji. Mazulia yalisukwa na akina mama wa WPA kwa kukata vitambaa vya mablanketi na sare zilizochakaa za vijana wa CCC, wale wa kambi za kutunza misitu na mahifadhi.

Yani ni takataka tupu, imegeuzwa hoteli ambayo mpaka leo watu wanalipa kulala. Na hakuna mtu aliyekaa akasema tubuni mtindo wa kurejeleza, walikuwa na bajeti ndogo ya vifaa na watu wengi wenye muda.

Piga_Ripu

Mchana_Kweupe, Golden Gate itoe kwenye hii orodha. Ile ni hati fungani za dola milioni 35, wapiga kura wa kaunti za huko ndo walizipitisha Novemba 1930, Roosevelt hajawa hata rais, na zililipwa na tozo ya magari. Kujengwa ndo ilijengwa kipindi hicho, 1933 mpaka 1937, ila sio kila kilichojengwa kipindi hicho ni cha New Deal, yani ile mipango ya Roosevelt ya kuinua uchumi. Empire State nayo watu huwa wanaibebesha, wakati ni jengo binafsi la 1931.

Na Hoover yenyewe kusema ukweli ni ya kabla. Sheria yake ni ya 1928 kipindi cha rais Coolidge, mkataba na muungano wa makampuni ulioitwa Six Companies umesainiwa 1931 kwa dola milioni 48.9, Roosevelt kaikuta inajengwa, PWA ikaongezea hela akaja kukata utepe Septemba 30, 1935. Ickes akalitoa jina la Hoover, rais aliyemtangulia Roosevelt, akaliita Boulder, mpaka 1947 Bunge ndo likarudisha. Siasa tu.

Kuhusu miili. Hakuna na haiwezekani. Mimi ni mtu wa zege nikueleze. Watu wanadhani bwawa lile lilimwagwa kama unavyojaza ndoo, mtu akiteleza anazama hapo kwishnei. Haikuwa hivo. Zege likikomaa linatoa joto, na ukimwaga kipande kikubwa namna ile kwa mpigo mmoja wahandisi walipiga hesabu lingechukua zaidi ya miaka 100 kupoa na lingepasuka vibaya. Kwa hiyo walijenga kwa maboksi, kila boksi linapandishwa tabaka la kama mita moja na nusu tu, ndani yake wamelaza mabomba ya inchi moja wanapitisha maji ya mto alafu maji ya barafu kutoka mtambo wa kupozea waliojenga palepale. Mabomba yote ukiyaunganisha ni zaidi ya kilomita 900. Likishapoa mabomba yanajazwa uji wa saruji, na nafasi kati ya boksi na boksi zinajazwa vilevile.

Sasa fikiria ndoo moja inashuka kwa kebo imebeba zege la mita za ujazo kama 6, ikimwagwa ndani ya boksi linaongezeka sentimita chache tu, na wapo vibarua na mabuti ya mpira wanalikanyaga na kulishindilia lisibaki na hewa. Utazamia wapi? Hata angeanguka mtu wangemtoa hapohapo, kwanza kwa ubinadamu, na pili mwili ndani ya ukuta ni shimo, utaoza uache uwazi, hakuna injinia anaekubali hiyo. Kuna mmoja Novemba 1933 mbao za kushikilia zege ziliachia akafunikwa na kifusi, walimtafuta mpaka mwili ukapatikana.

Waliokufa ni wengi hata hivyo. Idadi rasmi ni 96 na hiyo ni ya waliofia kazini tu, kuangukiwa na mawe, kuanguka, baruti, magari. Waliougua kwa moshi wa malori ndani ya mahandaki, maana waliendesha magari ya petroli humo bila hewa ya kutosha, na waliouawa na joto la lile jangwa kiangazi cha 1931, hao wengi hawamo kwenye hesabu. Hapo ndo pa kusikitikia, sio hizo stori za mifupa kwenye zege.

Mnoko

Naona wote mnasifia. Haya niwaulize, kama hii miradi ilikuwa dawa mbona ugonjwa haukupona? Roosevelt kaingia 1933, mwaka 1938 ajira zimeporomoka tena, ukosefu wa kazi unakaribia asilimia 19. Kilichowatoa ni vita. Mabilioni yote yale wamejenga viwanja vya tenisi na kufagia majani, hata wenyewe Wamarekani kipindi kile walikuwa wanatania kwamba kibarua wa WPA anajulikana kwa kuegemea koleo. Alafu kura. Kibarua analishwa na chama tawala utegemee ampigie nani? Mpaka Bunge likatunga sheria 1939, Hatch Act, kuzuia watumishi wa serikali kuu wasifanye kampeni, na kisa kilikuwa hawahawa WPA.

Bibi_Takwimu

Mnoko nusu ya unayosema ni sawa, ya Hatch Act ni kweli tupu. Ila kwenye takwimu kuna kitu kimekupita.

Hizo asilimia unazonukuu zinatoka kwenye mfululizo wa takwimu wa mchumi Stanley Lebergott, na katika huo mfululizo mtu aliyeko WPA anahesabiwa hana kazi. Ndio, anaamka asubuhi anapiga zege la daraja analipwa, kwenye jedwali ni mtu asiye na kazi kwa sababu kazi yake ni ya dharura. Mwaka 1976 mchumi mmoja, Michael Darby, akarudia hesabu akawaweka hao watu upande wa walioajiriwa, ile ya 1936 ikashuka kutoka karibu asilimia 17 mpaka karibu 10. Unaweza ukabishana ipi ndo sahihi, wachumi wenyewe bado wanabishana, ila usichukue moja ukajifanya nyingine haipo.

Na hiyo 1938 uliyoitaja, angalia kilichotangulia. Mwaka 1937 Roosevelt aliogopa deni, akataka bajeti isawazike, akapunguza matumizi na WPA ikapunguza watu, huku benki kuu nayo inakaza. Uchumi ukadondoka. Kwa hiyo ukitumia 1938 kama ushahidi kwamba miradi haikusaidia inabidi uniambie kwa nini ilipopunguzwa mambo yakawa mabaya zaidi.

Vita ndo iliyomaliza ukosefu wa kazi, hapo nakubaliana na wewe bila ubishi. Lakini meli na ndege za vita ziliondoka, wakati zile barabara bado zinapitika. WPA peke yake walijenga au kukarabati barabara kama maili 650,000, zaidi ya kilomita milioni moja, madaraja zaidi ya 75,000, majengo ya umma kama 125,000. Viwanja vya tenisi vilikuwepo pia, sibishi.

Mnoko

Hiyo ya kuhesabu mtu wa mradi wa serikali kama kaajiriwa ni kujipa maksi mwenyewe bibi. Mradi ukifungwa kesho karudi palepale. Ila ya 1937 nimekusikia.

Mama_Ngazi

Jamani mimi sina shida na madaraja ila mnaongea kana kwamba yale maeneo hayakuwa na watu.

Chukueni TVA, shirika la bonde la mto Tennessee, 1933. Bwawa lao la kwanza kubwa ni Norris, likamalizika 1936. Kabla ya maji kupanda walihamisha familia karibu 3,000, na makaburi walifukua kama 5,000 wakayapeleka kwingine. Mwenye shamba alilipwa, ila mpangaji aliyekuwa analima kwa kugawana mavuno hakuwa na cha kuuza kwa hiyo hakulipwa ardhi. Na kamji kazuri walikokajenga pale kwa ajili ya wafanyakazi, kenye nyumba za umeme kila kitu, mtu mweusi haruhusiwi kuishi. Boulder City ya wajenzi wa Hoover ilikuwa hivohivo.

CCC nayo ilitenganisha kambi, weusi huku weupe kule, na kuanzia 1935 ikawa amri ya mkurugenzi nchi nzima. Kwenye WPA majimbo ya kusini msimu wa kuchuma pamba ukifika vibarua weusi walikuwa wanaachishwa kwenye mradi ili waende mashambani kwa ujira wa kinyonyaji, maana wenye mashamba walilalamika kwamba WPA inawaharibia bei.

Na Grand Coulee. Lile bwawa ni kubwa kiasi kwamba hawakuweka hata ngazi za samaki, ile mifereji ya vidato ya kupandia samaki, kwa kuwa urefu haukuruhusu. Bonneville kwenye mto huohuo wa Columbia wanazo. Kwa hiyo samaki salmoni waliokuwa wanapanda mto kila mwaka kutoka baharini wakagota ukutani, huko juu wakaisha. Watu wa makabila ya asili ya Colville na jirani zao walikuwa wanakutana Kettle Falls kuvua tangu enzi na enzi, Juni 1940 wakakusanyika mara ya mwisho kuaga maporomoko, sherehe ya machozi wenyewe waliiita, alafu maji yakafunika. Fidia ya maana kabila la Colville walikuja kuipata 1994, dola milioni 53 na malipo ya kila mwaka juu yake. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi.

Msiseme napinga umeme. Katikati ya miaka ya 1930 mashamba ya Marekani yenye umeme yalikuwa kama moja kwa kumi, kwa hiyo kuna mama alipata taa na pasi kwa sababu ya hayo mabwawa. Nasema tu anaelipa na anaefaidika hawakuwa mtu yuleyule.

Sululu

Mama_Ngazi sina cha kupinga hapo, na ya salmoni ndo kidonda kikubwa kuliko vyote.

CCC umeitaja, niongezee kidogo kwa ajili ya Kokoto maana ndo kifupisho kilichobaki. Hawa walikuwa vijana wa kiume wa familia zenye shida, wanalala kambini chini ya jeshi, wanalipwa dola 30 kwa mwezi na 25 kati ya hizo zinatumwa nyumbani kwa lazima, kijana anabaki na tano za sabuni na sinema. Walipita kama milioni tatu kati ya 1933 na 1942, na miti walipanda inakadiriwa bilioni tatu. Sasa we fikiria, kijana wa miaka 18 katoka Chicago hajawahi kuona msumeno, anawezaje kujenga yale mabanda ya mawe kwenye mahifadhi ambayo hayana hata ufa? Jibu ni kwamba kila kambi iliajiri wazee wa maeneo yale, waashi na maseremala waliokosa kazi, wakawekwa kama wanyapara wa kufundisha. Wabunifu wa shirika la hifadhi za taifa wanachora, mzee anaonyesha jiwe lipi likae wapi, kijana anabeba. Na ramani zenyewe zilitaka jiwe kubwa likae chini, upande wake wenye kuvu uelekee nje, paa liwe zito, ili jengo lionekane kama limeota pale. Red Rocks ya Colorado, ule ukumbi wa muziki katikati ya miamba miekundu uliofunguliwa 1941, waliochimba na kupanga zile ngazi ni hao vijana.

Mchana_Kweupe

Na ile barabara ya baharini ya Florida mpaka Key West? Au nayo mtaniambia sio.

Piga_Ripu

Hiyo ndiyo, PWA walitoa mkopo, ikafunguliwa 1938. Ila historia yake ni nzito. Ile ilikuwa njia ya reli. Serikali ilikuwa imepeleka maveterani wa vita ya kwanza ya dunia huko visiwani wajenge madaraja ya barabara, wengine ni walewale waliofukuzwa Washington 1932 walipoenda kudai malipo yao. Wakawekwa kwenye mahema na vibanda vya mbao pembeni ya bahari msimu wa vimbunga. Septemba 2, 1935 kikaja kimbunga kikali, treni ya kuwaokoa ikatumwa imechelewa, ikafika ikapinduliwa na maji. Maveterani zaidi ya 250 walikufa pale. Reli nayo ikasombwa, kampuni ikashindwa kuitengeneza, jimbo likainunua na barabara ikapitishwa juu ya madaraja yaleyale ya treni. Pale Bahia Honda daraja la treni lilikuwa jembamba magari mawili hayapishani, kwa hiyo wakajenga barabara JUU ya fremu ya chuma, gari linapita darini kwa treni. Na reli zilizong'olewa wakazipaka rangi wakazifanya kingo za pembeni.

Kokoto_Nane

Nimeshiba wakuu, hasa ya mabomba ya kupozea nitamtumia yule jamaa asome mwenyewe. Swali dogo la mwisho, mtu akiwa kule anajuaje hili ni la WPA au la PWA au la kawaida tu?

Sululu

Kibao cha shaba karibu na mlango ndo rahisi. PWA kibao chao kinataja jina la Roosevelt na la Ickes. WPA wengine waligonga muhuri kwenye zege bichi la njia ya waenda kwa miguu, unakuta WPA na mwaka chini ya viatu vyako mpaka leo kwenye miji mingi. Michoro ya ukutani ndani ya posta za zamani watu wote wanaiita ya WPA, mingi sio, ilikuwa idara ya Hazina, wasanii wanashindana kwa michoro ndo wanapewa kazi. Na vingine havina kibao kabisa kwa sababu vilibadilishwa matumizi, Camp David anayopumzika rais ni kambi ya mapumziko iliyojengwa na WPA milimani Maryland, Roosevelt akaichukua 1942 akaifanya ya kwake. Barabara ya Blue Ridge walianza 1935, kipande cha mwisho kimekuja kukamilika 1987, hiyo ukiuliza ni ya mradi gani utachoka.

Bibi_Takwimu

Mmesahau vyoo. Sitanii. WPA walijenga vyoo vya shimo zaidi ya milioni mbili mashambani, hasa kusini ambako minyoo ya safura na homa ya matumbo vilikuwa vinamaliza watoto. Utaratibu ni uleule aliosema Sululu, mwenye shamba ananunua mbao na saruji, WPA wanaleta mikono bure. Walikuwa na ramani moja, shimo lenye kingo, sakafu ya zege iliyomwagwa pamoja na kiti chake, kifuniko kinachojifunga chenyewe ili nzi asiingie, na bomba la hewa lenye wavu.

Mnoko

Bibi hiyo ya vyoo naikubali mia kwa mia. Tenisi bado.